Nilikaa Mezani pa Bwana kwa Kipande cha Mtoro

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nawasalimu kwanza ninyi mliokaa nyuma karibu na mlango, mlioingia na hakuna mtu aliyewauliza hali. Wa mbele mmeshasalimiwa.

Katibu wa usharika aliniletea karatasi nyumbani. Akaniambia niandike ushuhuda wangu, utasomwa siku ya sikukuu ya kanisa. Juu ya karatasi alikuwa ameshaandika mwenyewe: Ushuhuda wa Mzee Filipo Komba wa Kang'ata. Maneno hayo nimeyakata kwa kalamu. Nimeweka kichwa changu. Mimi sikusoma shule. Kuandika nimejifunza katika kisomo cha watu wazima, ndani ya ghala la kijiji, kichwa kikiwa na mvi. Kwa hiyo msitafute hapa maneno ya kupendeza. Nilichonacho nimekipata kwa mikono hii, na maneno nayo ni hayo hayo ya mikono hii. Kama yatawachoma baadhi ya watu, basi yawachome.

Kwetu ni Njombe. Baba yangu aliniita Mgaya, na hilo ndilo jina langu. Nilikuja Korogwe miaka mingi kabla ya Uhuru, kijana mwenye nguvu, kutafuta kazi kwenye mkonge. Wenzangu waliletwa na malori ya mkataba, kila mmoja na namba yake, ndiyo maana watu wakatuita manamba. Mimi nilikuja kwa miguu yangu. Nilipofika shambani nikaambiwa nafasi hakuna. Nyapara mmoja akanitazama mikono, akaniambia nisiondoke, akaingia ofisini. Mimi nilikuwa dirishani, nikaona. Karani alikuwa ameshika kalamu juu ya kitabu kikubwa, anataka kuandika neno "mtoro" mbele ya jina la mtu aliyekimbia juzi yake. Nyapara akamshika mkono. Akatoka na kipande cha yule mtu, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, akanipa.

"Tangu leo wewe ni Filipo Komba," akasema. "Likisomwa, itika. Usipoitika huna posho."

Nikaitika. Ndugu zangu, halikuwa jambo la ajabu wakati ule. Kambini kwetu alikuwepo Abdallah aliyekula nguruwe, na Petro aliyefunga Ramadhani yote bila kukosa siku. Vipande vilikuwa na majina, watu walikuwa watu. Kila mmoja wetu alijua kwamba jina la kipande ni la mchana tu, ukirudi kambini unalivua pamoja na nguo za kazi.

Lakini mchungaji hakujua. Na hakujua kwa sababu hakuuliza.

Siku zile mchungaji wetu alikuwa mmisionari wa Kizungu, akija na gari lake kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nilikwenda kwa sababu ya nyimbo, sitaki kudanganya. Halafu Neno likanishika. Nilikuwa nakata mkonge huku nalikumbuka, mwiba unanitoboa mkono nami sisikii. Siku moja mmisionari akaja na orodha aliyopewa ofisini. Akasema wenye majina ya Kikristo wakae kulia, hao walishabatizwa makwao, watafundishwa kipaimara tu. Wasio na majina ya Kikristo wakae kushoto, waanze mafundisho ya ubatizo. Akaanza kusoma. Akafika: Filipo Komba.

Nyapara wangu alikuwa amesimama mlangoni.

Nikakaa kulia.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na sehemu yangu ya kosa naichukua yote, simtupii mtu. Ningekaa kushoto ningekuwa nimekikana kipande mbele ya nyapara, na kazi ingekwisha siku hiyo. Nikasema moyoni mwangu, nitamweleza mchungaji baadaye, tukiwa wawili. Ndugu zangu, hatukuwahi kuwa wawili.

Nikapata kipaimara. Nikakaribia Meza ya Bwana. Nikala mkate na kunywa divai miaka kumi na tisa, mimi ambaye tone la maji ya ubatizo halijawahi kuniangukia. Nilikula kwa ubatizo wa mtu nisiyemfahamu, aliyetoroka shamba, ambaye hata yeye sijui kama alibatizwa au lile jina aliliokota kama nilivyoliokota mimi.

Mtu wa kwanza kuligundua jambo hili alikuwa binti wa Kishambaa, jina lake Tabea. Baba yake alifanya kazi korona, kwenye ile mashine ya kusaga majani ya mkonge. Tulipoanza kuzungumza habari za kuoana, akaniuliza, "Kwa nini ukiitwa Filipo unachelewa kuitika?" Basi. Hakuwa na orodha wala joho. Alikuwa ananitazama tu. Nikamwambia yote. Akalia, akacheka, akasema ataolewa nami hivyo hivyo, lakini nimwahidi kwamba nitamweleza mchungaji. Nikaahidi. Tukafunga ndoa, na mchungaji akaandika Filipo.

Ukaja Uhuru. Mmisionari akarudi kwao, akaletwa mchungaji mwenzetu, mweusi kama sisi, aliyesomea kazi hiyo. Ndugu zangu, tulifurahi! Tulisema sasa amekuja wa kwetu, atajua tunakolala na tunachokula. Mimi nilikuwa nimeshaacha mkonge. Nilijipatia shamba Makuyuni, nikafyatua matofali mwenyewe, nikayachoma mwenyewe, nikajenga nyumba ya kwanza ya matofali upande ule bila kuomba msaada wa mtu. Wakaniona mtu wa maana, wakanichagua mzee wa kanisa. Nilikubali. Nilipenda kuheshimiwa, na bado napenda.

Kazi yangu mojawapo ilikuwa kushika beseni siku ya ubatizo. Nilisimama pale mbele na maji mikononi, watoto wanaletwa, mchungaji anachota, anawamwagia. Nilishika beseni hata siku ya kubatizwa binti yangu Yustina. Siku hiyo alirusha miguu, maji yakanirukia usoni, nikasimama nikijiuliza kama hayo yanatosha. Ninyi mnacheka. Mimi sikucheka. Niliyaacha yakauke yenyewe, sikuyafuta.

Huyu mchungaji sitamtaja jina. Amekwisha fariki na watoto wake tuko nao. Alijua kuhubiri, sitamnyima haki yake. Alipohubiri habari za yule mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja, kina mama walitoa machozi. Halafu alifunga Biblia, akala kuku kwa mwenyekiti wa mtaa, akaingia katika gari, likabaki vumbi. Mimi ndiye niliyemnawisha mikono kabla ya kula. Miaka saba nimemnawisha. Hakuwahi kuinua macho kuona ni nani ameshika birika.

Sasa nafika kwenye shida.

Tabea aliugua. Tumbo lilivimba, miguu ikavimba, hospitali wakatazama wakatuambia turudi nyumbani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Siku moja nampa uji, akaushika mkono wangu akasema, "Baba Yustina, mimi natangulia. Sitaki ufike kule mlangoni na kipande cha mtu."

Nikaweka uji chini.

"Yule mlinzi wa kule hatakuuliza jina la ofisini," akasema. "Nenda kwa mchungaji. Aje hapa, umwambie mbele yangu, akubatize nikiona. Nikiona tu, nitakwenda vizuri."

Ndugu zangu, mwanamke huyo hakuomba dawa. Hakuomba nguo wala nyama. Aliomba mchungaji akae robo saa juu ya kigoda chake na amsikilize mume wake.

Nikaamka mapema nikatembea kutoka Makuyuni mpaka Masuguru, nyumbani kwa mchungaji. Mama mchungaji akanipa benchi barazani. Nikakaa. Wakaja watu wa kamati, wakaingia. Wakaja watu wa kwaya ya mjini, wakaingia. Jua likafika utosini. Akatoka na makaratasi mkononi, anawasindikiza wageni, akaniona.

"Ee, mzee wa Makuyuni," akasema. Hata hilo Filipo lenyewe hakulikumbuka! "Kwaya yenu imejiandaa? Askofu anakuja."

Nikamwamkia, nikamwambia nina jambo.

"La usharika au la nyumbani?"

"La roho yangu, Mchungaji."

"Basi hilo mwandikie katibu," akasema, "tulipange."

Akarudi ndani. Na mimi siku zile sikujua kuandika hata herufi moja. Nikarudi Makuyuni na kofia mkononi. Nilipofika, Tabea akatazama nyuma yangu kuona ni nani amekuja nami.

Wiki mbili baadaye mchungaji akaja Makuyuni kwa ibada ya Meza ya Bwana. Nilisema leo hanitoki. Baada ya ibada nikamfuata mpaka kwenye gari. Nikamwambia mke wangu yuko kitandani, hali ni mbaya, nyumba si mbali, twende anamsubiri. Nikamwambia kuna neno tunataka kulisema mbele yake, sisi wawili. Akatazama saa. Akasema wanamsubiri Mombo kwa ibada nyingine. Halafu akaniuliza nyumba yangu iko upande gani.

Nikamwonyesha kwa kidole.

Akageuka upande huo, akainua mkono, akafumba macho, akaomba. Aliomba vizuri, kwa sauti. Watu waliokuwa karibu wakaitikia amina. Halafu akanipiga bega, akapanda gari.

Ndugu zangu, kati ya ule mkono na kitanda cha mke wangu palikuwa na vyoo vya shule, shamba la mahindi la jirani, na ukuta niliojenga mwenyewe. Nimewaza jambo hilo miaka mingi. Mungu anasikia kutoka popote, hilo najua, msinifundishe. Lakini Tabea hakuwa Mungu. Tabea alikuwa mtu, alitaka mtu.

Alifariki siku ya nne. Yustina alikuwa amemshika kichwa. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa swali: "Hajaja?"

Kwenye mazishi mchungaji alikuja. Kwenye mazishi huwa wanakuja! Alivaa joho, akafungua daftari la usharika, akasoma habari zetu mbele ya watu wote. Akasema marehemu ameacha mume, ndugu yetu Filipo Komba, mtu wa Songea, Mkristo tangu utotoni, aliyebatizwa kwao akaja kwetu akiwa ameshajengeka katika imani. Akasema ndoa yao ilijengwa juu ya mwamba wa ubatizo. Nilisimama kando ya kaburi, udongo mkononi, nasikiliza sifa za mtoro. Watu wa Songea waliokuwepo wakanitazama, maana walijua siongei lugha yao. Nikamwaga udongo nikaondoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Sikurudi kanisani.

Wengi wanaotoa ushuhuda husema pombe iliwafunga, au wanawake, au uchawi. Mimi pombe sikuionja. Kifungo changu kilikuwa chuki. Niliwachukia watu wa joho wote, mweupe na mweusi. Nikisikia kengele nilichukua jembe. Nilikuwa nasema peke yangu shambani kama kichaa, namjibu mchungaji maneno ambayo nilipaswa kumjibu kule barazani. Kila siku nilimshinda kwa maneno, na kila siku jioni niliingia katika nyumba ambayo haina mtu. Yustina alipoolewa nikaona Makuyuni hakuna langu tena. Nikavuka kuja Handeni, nikakata pori huku Kang'ata, nikalima peke yangu. Ilikuwa nafuu kwangu kutoonana na mtu.

Ikaja Operesheni. Tukaambiwa kila mtu atoke porini aje kijijini. Wengi walilalamika, na mimi nililalamika kuliko wote, maana nyumba yangu ya pili nilikuwa ndiyo kwanza nimeiezeka. Lakini Bwana alikuwa na njia yake, nimekuja kuiona baadaye. Tulipangwa kwenye mistari, na nyumba iliyopakana na yangu alipewa Mzigua mmoja, Mwislamu, anaitwa Mzee Mhina. Siku ya kwanza kabisa, hata mizigo haijaingia ndani, alikuja akaniuliza jina langu, jina la baba yangu, ukoo wangu, na kaburi la babu yangu liko wapi. Hao ndugu zetu Wazigua hawawezi kukaa jirani na mtu wasiyejua ametoka tumbo gani.

Nikasema, "Mimi Mgaya." Ulimi ulikuwa mzito kama nimetaja jina la mtu mwingine.

Tukawa marafiki. Nilimsimulia habari ya mchungaji aliyeombea vyoo vya shule. Nilidhani atasema ndiyo dini yenu hiyo. Akacheka, akaniambia nisijisifu kwamba nimeonewa peke yangu. "Shehe mmoja kule nilikotoka," akasema, "sufuria yangu ya maulidi anaijua mpaka mpini uliopinda. Mimi mwenyewe tukikutana njiani ananiuliza natoka kijiji gani."

Sasa sikilizeni wokovu ulivyokuja.

Kanisa lilimleta Kang'ata mwinjilisti, Zakaria, kutoka milimani Lushoto. Mtu mwembamba, shule yake kidogo, nyumba hakupewa. Akajiandikisha kijijini kama sisi, akapewa ngwe yake katika shamba la ujamaa, kipande cha kulima kama mtu mwingine yeyote. Ngwe yake ikawa ubavuni mwa yangu. Mtu wa milimani amezoea kulima kwenye mteremko, tambarare ilimtesa. Alilima ameinama upande mmoja kama anaogopa kuporomoka. Mzee Mhina alimtania kila siku, akimwambia huku hata akianguka ataangukia hapo hapo. Zakaria alicheka na kuendelea kulima. Sikumsemesha. Nilijua ni mtu wao. Lakini siku ya tatu niliona mikono yake imetoka malengelenge na hasemi kitu, na mimi mtu anayefanya kazi bila kulalamika siwezi kumchukia vizuri.

Alikuwa na karatasi mfukoni. Usharika ulimpa majina ya Wakristo waliopotelea upande huu, awatafute. Alikuwa amezunguka nyumba hata nyumba, na jina moja lilimshinda. Mchana wa mapumziko, tumekaa kandokando ya ngwe zetu, akaitoa ile karatasi.

"Mzee Mgaya," akaniambia, "wewe unajua watu wa hapa. Unamfahamu mtu anaitwa Filipo Komba?"

Nikafuta udongo kwenye jembe. Halafu nikamjibu.

"Alitoroka."

Angekuwa mwingine angekata jina kwa kalamu, akaendelea na karatasi yake. Zakaria aliikunja karatasi akairudisha mfukoni. Akaniuliza, "Alitoroka akaenda wapi?"

"Sijui. Sikuwahi kumwona. Aliniachia kipande."

Akasogea akakaa karibu yangu. Ndugu zangu, sijawahi kusikilizwa vile tangu Tabea alipofariki. Nilimsimulia yote, nyapara, kulia na kushoto, beseni, benchi la Masuguru, mkono ulioinuliwa. Kengele ya kurudi kazini ikapigwa, wenzetu wakasimama, yeye hakusimama. Mzee Mhina akatupa jicho, akaanza kulima ngwe yangu bila kuniuliza. Nilipomaliza, Zakaria hakunihubiria. Aliniuliza maswali mawili. La kwanza, Tabea amezikwa upande gani wa Makuyuni, siku moja apite hapo. La pili, je, bado nataka.

Nikasema nataka.

Twende kwa mchungaji, akasema, maana mwinjilisti habatizi. Tukaenda Masuguru sisi wawili. Baraza lile lile, benchi lile lile! Safari hii tuliingia ndani kwa sababu Zakaria aligoma kungoja. Mchungaji, yule yule, alisikia habari yote, akashika kichwa. Hakunitazama mimi, alimtazama Zakaria. Akasema huyu amekuwa mzee wa kanisa. Ameshika beseni. Amekula Meza ya Bwana miaka kumi na tisa. Likijulikana hili, watu watasemaje juu ya usharika? Daftari zima litatiliwa mashaka. Akasema tuliache kama lilivyo, Mungu anajua.

Zakaria akamjibu, "Mungu anajua, Mchungaji. Huyu mzee anataka kujua kama wewe unajua."

Tulitolewa nje kwa upole.

Tulirudi Kang'ata. Siku ya pili yake tukiwa kwenye ngwe, Zakaria akasimamisha jembe. Akaniambia sheria inamruhusu mwinjilisti kubatiza mtu aliye hatarini.

"Mimi niko hatarini miaka yote hii," nikamwambia.

"Hilo ndilo ninaloliona," akasema.

Pale shambani palikuwa na debe la maji ya kunywa la wakulima wote. Hatukuwa na beseni wala mzee wa kanisa wa kulishika. Mzee Mhina akalinyanyua. Akasema yeye anashika tu, asihesabiwe. Zakaria akaniuliza nataka nibatizwe kwa jina gani. Nikasema alilonipa baba yangu.

"Watataka la kwenye Biblia," akasema.

"La kwenye Biblia nimelitumia miaka mingi. Lilikuwa la mtu."

Akachota kwa kata. Akasema: Mgaya, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Maji yalikuwa ya moto kwa jua. Yalinishuka shingoni mpaka mgongoni, nami nikapiga magoti katika udongo niliokuwa nimetoka kuulima. Bwana asifiwe! Nililia kama mtoto mbele ya kijiji kizima. Sikulia kwa sababu ya dhambi peke yake. Nililia kwa sababu nimeitwa, na sikuchelewa kuitika.

Tangu siku ile chuki ilinitoka. Sikuongea tena peke yangu shambani. Yule mchungaji nilimsamehe akiwa bado hai, nikamwambia mwenyewe mlangoni mwa kanisa, akanishukuru, akaniuliza natoka mtaa gani. Nikamwambia Kang'ata. Nikaendelea na safari yangu. Msidhani kwa hiyo uchungu umekwisha. Uchungu ninao, na ninaulinda, maana ni wa haki. Zakaria aliitwa Masuguru, akaambiwa amevunja utaratibu, akanyang'anywa kazi. Alirudi milimani kwao kulima. Hakuna kitabu cha kanisa kilichoandika habari zake, na katika sikukuu yenu hii sikuona jina lake kwenye ratiba. Kabla ya kuondoka alipitia Makuyuni, akaliona kaburi la Tabea, akang'oa majani. Mtu aliyenipasha habari hiyo ni Yustina. Zakaria mwenyewe hakuisema.

Ndugu zangu, ninyi mnaotumia kipande cha mtu, na mpo, nawaona, mwaminini Mungu. Yeye hakai ofisini na orodha. Alinifuata kutoka mkonge mpaka Makuyuni, kutoka Makuyuni mpaka porini, na alipoona wachungaji wake hawana nafasi akamtuma mtu asiyejua kulima tambarare. Msingoje wenye joho wawajue ndipo mje kwake. Mimi nilingoja, na mke wangu akafa akiuliza.

Nanyi wachungaji mliokaa mbele kwenye viti vya kitambaa, sina maneno mengi. Robo saa tu. Kigoda tunacho.

Katibu, hili la mwisho ni lako. Nimeambiwa katika daftari bado nimeandikwa Filipo Komba. Jumapili lilete hilo daftari hapa mezani. Mbele ya jina hilo liandike neno ambalo yule karani wa mkonge alizuiwa kuliandika: mtoro. Chini yake acha mstari mmoja mtupu. Nitakuja na kalamu yangu, jina langu nitaliandika mwenyewe.